FUNDISHO: NKAMBO NA MJUKUU WAKATI UGONJWA UNAPOINGIA KATIKA JAMAA



Fundisho hili limeandikwa kwanza kwa ajili ya wamama wazee wa Bukama na wa vijiji vya kandokando ya Lualaba, ambao nyumba zao hazikosi mjukuu. Kila mtu anajua namna jambo hili linavyoanza. Ujumbe unafika: mama wa watoto amelazwa Kamina, ao baba yao amelazwa Lubumbashi, na watu wa kumchunga mgonjwa ni wachache. Kisha treni inafika, ao pikipiki, ao mtumbwi kutoka upande wa Kinkondja, na mtoto anashuka na kifurushi chake cha nguo. Majirani wanasema: "Amekuja kumtembelea nkambo wake." Lakini mtoto huyu hakuja kutembea tu. Amekuja kwa sababu kwao kuna ugonjwa. Amebeba nguo mkononi, na woga amebeba moyoni.

Basi ulizo letu ni hili: Mungu anataka nini kwa nkambo anayempokea mtoto wa namna hii? Na kanisa linapashwa kumsaidia namna gani? Tutatazama mambo saba.

1. MPOKEE KAMA NAOMI

Fungueni kitabu cha Ruthu, sura ya 4, mistari 13 mpaka 17. Naomi alikuwa mama mzee. Mume wake alikufa katika inchi ya ugeni, na wana wake wawili walikufa vilevile. Alirudi Betelehemu mikono mitupu. Kisha mkwe wake Ruthu alizaa mtoto, na Naomi akamtwaa mtoto yule, akamweka kifuani pake, akawa mlezi wake. Mtoto yule ni Obedi, nkambo wa mfalme Daudi.

Angalieni jambo moja. Kwa hesabu ya damu, Obedi hakuwa mtoto wa mwana wa Naomi. Alizaliwa na Ruthu pamoja na Boazi. Hata hivyo Naomi hakuuliza kwanza: "Huyu ni wa upande gani?" Kwetu hapa watu wengine wanapima wajukuu: huyu ni wa mwana wangu mwanaume, yule ni wa binti yangu, yule mwingine ni wa ukwe tu. Mmoja anapewa samaki, mwingine anapewa mchuzi. Nkambo anayemcha Mungu hafanyi hivyo. Mtoto aliyefika wakati wa ugonjwa apate sahani sawa na watoto wa nyumba, mkeka sawa, na blanketi sawa.

2. ULIZA KABLA MLETA MTOTO HAJAONDOKA

Upendo bila hekima unaweza kumpoteza mtoto. Mara nyingi mjomba analeta mtoto asubuhi, anakula bukari, na saa ya mchana amekwisha kuondoka. Usiku mtoto anashikwa na homa, na nkambo hajui lolote. Kwa hiyo, mama mzee, usione haya kuuliza. Uliza mambo manne haya.

La kwanza: mgonjwa anaugua nini? Hili si neno la kuchungulia siri za watu. Magonjwa mengine yanataka mtoto naye apimwe. Kama mama ao baba ana kifua kikuu, mtoto aliyelala naye katika nyumba moja anapashwa kupelekwa kwa munganga hata kama hakohoi, na zaidi sana kama hajatimiza miaka 5. Munganga akiona hana ugonjwa, anaweza kumpa dawa ya kumkinga.

La pili: karatasi ya chanjo iko wapi? La tatu: kuna dawa anayokunywa kila siku? Kama iko, ije pamoja naye, na saa za kuinywa ziandikwe juu ya karatasi. La nne: nani atapigiwa telefone kama mtoto anashikwa na ugonjwa, na nani ana ruhusa ya kukata shauri juu yake? Hayo yote yanachukua nusu saa tu, lakini yanaweza kuokoa maisha.

3. MAJI YA LUALABA

Sisi tunaoishi Bukama tunapenda mto wetu. Ni yeye anayetupa samaki, na ndiyo njia ya mashua kushuka mpaka Kongolo. Reli ilifika hapa mwaka 1918, na tangu zamani zile Bukama ni mahali pa kukutana treni na mashua. Lakini pahali watu wengi wanapokutana, magonjwa nayo yanakutana. Eneo letu la mto na la maziwa, kutoka Bukama kupita ziwa Upemba na ziwa Kisale mpaka Malemba-Nkulu, linajulikana kwa kipindupindu kinachorudi mara kwa mara.

Mjukuu aliyetoka mjini hajui desturi za kando ya mto. Anaona maji, anakunywa. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa mwonyeshe bido ya maji ya kunywa na kikombe chake, na umwambie: maji ya kunywa ni haya tu. Maji hayo yachemshwe, ao yatiwe dawa ya maji kwa kipimo ambacho kituo cha afya kinaonyesha. Bido iwe na kifuniko. Mikono inawe kwa sabuni ao kwa majivu kabla ya kula na nyuma ya kutoka chooni. Samaki waive vizuri, na bukari iliwe ingali moto.

Kama mtoto anaanza kuharisha maji maji yanayofanana na maji ya kuosha mchele, usingoje mpaka kesho. Kipindupindu kinaweza kumwua mtu kwa saa chache, kwa sababu maji yote ya mwili yanatoka. Mpe mara moja maji ya chumvi na sukari, na huku mtu mwingine anatafuta pikipiki. Kama mna pakiti ya dawa ya kuharisha kutoka kituo cha afya, itumieni kama ilivyoandikwa. Kama hamna, fanyeni hivi: twaa lita 1 ya maji safi, tia vijiko vidogo 6 vya sukari, vilivyosawazishwa juu, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Koroga vizuri. Usizidishe chumvi, maana chumvi nyingi inaleta hatari nyingine.

Kila mara anapoharisha, mtoto asiyetimiza miaka 2 anywe robo mpaka nusu ya kikombe. Mkubwa kuliko huyo anywe nusu ya kikombe mpaka kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10, halafu uanze tena polepole, kijiko kwa kijiko. Mtoto wa kunyonya aendelee kunyonya. Na kila mtoto anayeharisha, munganga atampa pia vidonge vya zinki vya siku 10 mpaka 14. Mmalizeni kuvitumia hata kama kuharisha kumekwisha.

Wamama wengine wanasema: "Anayeharisha asinywe maji, yatamwongezea." Neno hilo limeua watoto wengi. Mtoto anayeharisha ni kama bido iliyotoboka. Ukiacha kutia maji, itabaki tupu.

4. HOMA, CHANDARUA NA CHANJO

Kongo yetu ni inchi ya pili duniani, nyuma ya Nijeria, kwa hesabu ya watu wanaopatwa na malaria na wanaokufa nayo. Kwa hiyo homa ya mtoto mdogo haingoji soko la kesho ao mkutano wa Jumapili. Apelekwe siku ileile, apimwe damu ya kidole, na kama ni malaria aanze dawa na kuimaliza. Usimgawie nusu ya vidonge vilivyobaki kwa mtoto mwingine.

Chandarua kilichotiwa dawa ni cha kulalia. Tunajua kwamba vingine vinakwenda mtoni kufanywa nyavu. Ndugu wavuvi, samaki wadogo mnaowavua kwa chandarua ni samaki wakubwa wa mwaka ujao, na mtoto aliyebaki bila chandarua ni mjukuu wenu wenyewe. Mnapoteza mara mbili.

Juu ya chanjo, tukumbuke yaliyotupata. Mwaka 2017 polio ilionekana katika mkoa wetu wa Haut-Lomami na kulemaza watoto. Kutoka mwanzo wa mwaka 2019, shurua ilipita katika inchi yote, na mnamo Januari 2020 hesabu ya waliokufa ilikuwa imekwisha kupita watu 6.000, na wengi wao walikuwa watoto wadogo. Mtoto anayesafiri kutoka nyumba moja mpaka nyingine anaweza kukosa chanjo, kwa sababu kila mtu anafikiri mwingine amekwisha kumpeleka. Kama karatasi yake imepotea, mpeleke hata hivyo, na ueleze. Waganga watajua la kufanya.

Tena jifunzeni alama nne za hatari, na muwafundishe watoto wakubwa wa nyumba: mtoto hawezi kunywa ao kunyonya, anatapika kila kitu, anashikwa na degedege, amelegea ao haamki. Ukiona hata moja tu, ni kwenda hospitali bila kungoja.

5. SALA NA DAWA HAVIGOMBANI

Wengine watauliza: "Sisi ni watu wa sala. Kama tunampeleka mtoto kwa munganga, tumeacha imani?" Tusome 2 Wafalme, sura ya 20, mistari 1 mpaka 7. Mfalme Hezekia aliugua karibu ya kufa. Alilia mbele ya Mungu, na Mungu akamtuma nabii Isaya kumwambia kwamba atapona. Je, Isaya alifanya nini nyuma ya unabii huo? Aliagiza walete mkate wa tini, wauweke juu ya jipu la mfalme, naye akapona. Nabii mwenyewe, ambaye alikuwa na neno la Mungu kinywani, aliagiza dawa.

Msamaria wa Luka 10 alimwagia majeruhi mafuta na divai juu ya vidonda, kisha akalipa feza za nyumba ya wageni. Na Luka mwenyewe, Paulo anamtaja katika Wakolosai 4:14 kama mganga mpendwa. Kwa hiyo, nkambo, mwombee mtoto njiani unapokwenda kwenye kituo cha afya. Mungu anasikia sala ya mtu aliye juu ya pikipiki sawasawa na ya mtu aliyepiga magoti.

6. MOYO WA MTOTO

Mwili ukipata maji na chakula, bado kuna moyo. Mtoto aliyeachana na mama mgonjwa anaweza kubadilika. Aliyekuwa amezoea kuamka mkavu anaanza kukojoa juu ya mkeka. Aliyekuwa anacheka ananyamaza. Mwingine anakuwa mkali, anapiga wenzake, anakataa chakula. Wengi wanasema: "Mtoto huyu ana kichwa kigumu", nao wanatwaa fimbo. Lakini hii si jeuri, ni huzuni isiyojua kusema. Fimbo haikaushi mkeka.

Wengine wanamdanganya: "Mama amekwenda sokoni, atarudi kesho." Kesho inafika, mama hayupo. Siku ya tatu mtoto amejifunza kwamba maneno ya wakubwa ni ya uongo, na ukimwambia kweli baadaye hataisadiki. Mwambie kweli kwa kipimo cha umri wake: "Mama ni mgonjwa. Yuko Kamina kwa waganga. Wanamtunza. Sisi hapa tunamwombea kila jioni. Wewe hukufanya kosa lolote." Neno hili la mwisho ni la lazima, kwa sababu watoto wengi wanafikiri katika siri kwamba mama aliugua kwa sababu yao, kwa kuwa walikataa kutumwa ao walimkasirisha. Na usiahidi usichokijua. Usiseme mama atapona Jumamosi. Sema: "Tunangoja pamoja."

Kama telefone iko, asikie sauti ya mama, hata dakika moja. Umpe kazi ndogo: kufagia, kuchambua sombe, kulisha kuku. Kazi ndogo inamsaidia mtoto kusikia kwamba yeye ni mtu wa nyumba. Jioni umpe hadithi, na ule mchezo wa maneno ambao kwetu nkambo na mjukuu wana ruhusa ya kuchezeana. Tena, kama ugonjwa unakuwa mrefu, asikae bila masomo. Tangu mwaka 2019 serikali imetangaza kwamba shule za msingi za serikali hazilipishwi. Nenda uongee na mkubwa wa shule, umweleze hali ya mtoto.

Hapa ndipo tunamkumbuka Loisi. Paulo anamtaja katika 2 Timoteo 1:5: imani ya Timoteo ilikaa kwanza ndani ya nkambo yake. Biblia haituelezi maneno aliyomfundisha. Lakini kila mtu aliyelelewa na nkambo anajua kwamba imani ile inafundishwa jikoni, na njiani kwenda mtoni, na wakati wa usiku homa inapopanda.

7. NENO LA UCHAWI

Sasa tunafika kwenye jambo zito, na tutalisema bila kuzunguka. Ugonjwa ukikaa katika jamaa, watu wanaanza kutafuta mwenye kosa. Mtoto amefika kwa nkambo, na wiki ya pili nkambo naye anashikwa na homa, ao mtoto mwingine wa nyumba anaharisha. Mtu mmoja ananong'ona: "Tangu huyu afike..." Mwingine anaongeza kwamba mtoto huyu anaongea usiku, tumbo lake ni kubwa, anakojoa juu ya mkeka. Mwisho wanasema: ni yeye aliyemfunga mama yake, sasa amekuja kutumaliza sisi.

Wapendwa, tumbo kubwa ni minyoo ao utapiamlo. Kuongea usiku ni homa ao ndoto. Kukojoa juu ya mkeka tumekwisha kueleza. Na kuharisha kwa nyumba nzima ni maji. Katika inchi yetu watoto wengi wamefukuzwa nyumbani kwa neno hili moja. Wengine walifungiwa, walinyimwa chakula siku nyingi, ao walitiwa pilipili machoni, na watu wakasema ni maombi ya kuwafungua. Hayo si maombi. Ni mateso. Wale wanaoongoza kutupwa barabarani ni wale ambao mama yao ni mgonjwa ao amekufa, na baba yuko mbali. Maana yake ni huyu mjukuu tunayemzungumzia leo.

Wanafunzi wa Yesu waliuliza ulizo hilihili katika Yohana 9, mistari 1 mpaka 3. Waliona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka kujua nani alifanya zambi, yeye ao wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili. Hakumtafuta mkosaji, alimponya mgonjwa. Na katika Matayo 18:6 anaonya kwamba afazali mtu afungwe jiwe la kusagia shingoni na kutupwa baharini kuliko kumkosesha mmoja wa wadogo wanaomwamini.

Basi, kama mtu anasimama katika maombi na kusema ameonyeshwa kwamba mtoto fulani ndiye aliyeleta ugonjwa, wazee wa kanisa wafanye nini? Yohana anatuamuru katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4, mstari wa 1, kuzipima roho. Neno linalomtoa mtoto nje ya nyumba wakati mama yake ni mgonjwa halikutoka kwa Yeye aliyemweka mtoto katikati ya wanafunzi na kumkumbatia. Wazee wanyamazishe neno hilo palepale, wasilipeleke mbele ya kusanyiko, na mtoto asisimamishwe mbele ya watu kuulizwa maulizo.

Sheria ya inchi nayo inasema wazi. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumtupa mtoto na kumsingizia uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, katika kifungu cha 160, inamwazibu anayemsingizia mtoto uchawi kwa kifungo cha mwaka 1 mpaka miaka 3, pamoja na faini. Sheria hiyo haimwachi mchungaji, wala nabii, wala mjomba.

Na tusisahau nkambo mwenyewe. Mara nyingi kidole kinageuka: "Mama mzee huyu ndiye anayekula wajukuu." Macho mekundu ya mama aliyepika kwa moshi miaka 50 si alama ya uchawi. Ni alama ya kazi.

WAJIBU WA KANISA

Nkambo mwenye miaka 65 ao 70 hawezi kubeba yote peke yake. Umoja wa wamama ufanye zamu: huyu anachota maji siku ya kwanza, yule anachukua mtoto kwenda kwenye chanjo siku ya pili, mwingine analala nyumbani mwake usiku wa homa. Wapapa watengeneze choo na paa inayovuja. Vijana wenye pikipiki watoe majina yao kwa wazee, ili usiku wa hatari mtu ajue mlango wa kubisha. Feza kidogo zinazokusanywa kwa ajili ya wagonjwa zisimsahau yule anayechunga watoto wa mgonjwa, maana yeye naye ni sehemu ya ugonjwa ule. Na nkambo apewe muda wa kulala. Eliya nabii, alipochoka mpaka kutaka kufa, malaika hakumhubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena (1 Wafalme 19).

MAULIZO YA KUZUNGUMZA KATIKA MAKUNDI

1. Naomi alimpokea mtoto ambaye hakuzaliwa na mwana wake. Katika jamaa zetu, ni wajukuu gani wanaopewa sahani ndogo?
2. Nani hapa anaweza kutuonyesha, kwa kijiko na bido, namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari?
3. Taja alama nne za hatari bila kutazama karatasi.
4. Isaya alitoa unabii na dawa pamoja. Sisi tunafanya namna gani?
5. Kama neno la uchawi linasemwa juu ya mtoto katika kundi letu, nani atasimama kwanza, na atasema nini?
6. Katika mtaa wetu, ni nkambo gani anayechunga wajukuu wa mgonjwa wiki hii? Nani atakwenda kwake kesho?

Ulizo la sita lisijibiwe kwa maneno tu. Kundi lisitawanyike kabla jina la atakayekwenda halijaandikwa.

TUOMBE

Ee Mungu, Baba wa wajane na wa yatima, uwatazame wagonjwa waliolazwa mbali na watoto wao. Uwape waganga hekima, na dawa ifike kwa wakati. Uwatie nguvu wamama wazee ambao usiku huu wanamshika mtoto mwenye homa. Uilinde midomo yetu isimtupe mdogo hata mmoja. Na siku ile mama atakaporudi, mtoto akutwe mzima, mwenye furaha, na mwenye kukujua Wewe. Amina.